Maswali ya Jikoni: Brachole, nyama ya kuviringisha na kujaza kwa meza ya sikukuu

Toleo lililopita tulizitaja brachole kwa mstari mmoja tu, tukadhani tumepita. Barua zilizokuja zinaonyesha wengi mnataka kuzipika sikukuu hii, na wachache mmeshajaribu zikawashinda. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Habari za kazi. Hiyo nyama ya Kiitaliano ya kuviringisha ni kitu gani hasa? Kila Krismasi kwangu ni pilau na kuku, mwaka huu nataka kubadilisha. Tuko wanane mezani. Niandae nini na nini? — Msomaji, Morogoro

Ni vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe, vinapondwa, vinapakwa mchanganyiko wa jibini, mkate, kitunguu saumu na majani, vinaviringishwa kama mkeka, vinafungwa, vinakaangwa juujuu halafu vinapikwa taratibu ndani ya rojo la nyanya. Waitaliano wanaandika *braciole*, tamka "brachole". Jina limetokana na *brace*, yaani makaa ya moto, na katika sehemu kubwa ya Italia ukiagiza braciola utaletewa kipande cha nyama ya kuchoma, mara nyingi nguruwe mwenye mfupa. Ni kusini, Napoli na Puglia hasa, ndiko jina hilo lilikohamia kwenye nyama ya kuviringisha. Kwingine wanaita *involtini*. Kule Bari, mji wa Puglia, za asili ni za nyama ya farasi, lakini hatukushauri umtafute farasi Morogoro.

Kwa watu wanane pika 16, kila mtu mbili. Nunua kilo 1.2 ya steki ya paja, pande moja lisilokatwa. Kila kipande kitakuwa na gramu 75 hivi. Cha kujaza: jibini ngumu iliyokunwa gramu 100 (wenyewe hutumia *pecorino*, jibini ya maziwa ya kondoo), chenga za mkate mkavu gramu 60, zabibu kavu gramu 50, mbegu za msonobari gramu 50, punje 4 za kitunguu saumu zilizokatwakatwa, fungu la pasili la kujaza kiganja, pilipili manga na vijiko 2 vya mafuta ya zeituni. Usitie chumvi. Jibini hiyo ina chumvi ya kutosha, na rojo likipungua chumvi inazidi kujitokeza.

Rojo: nyanya mbivu kilo 2.5 zilizomenywa na kutolewa mbegu, au makopo 4 ya gramu 400 ya nyanya nzima; vitunguu maji 2 vilivyokatwa vidogo; vijiko vikubwa 3 vya nyanya nzito ya kopo; mvinyo mwekundu mililita 200; mafuta ya zeituni mililita 80; matawi mawili ya mrehani. Tambi gramu 700.

Tandaza kipande, weka kijiko kimoja kikubwa cha mchanganyiko, eneza ukiacha sentimita moja na nusu pembeni, kunja kingo mbili za ubavuni ziingie ndani, kisha viringisha kwa kubana. Funga. Kausha nje kwa kitambaa. Kaanga nnenne, mshono ukiwa chini kwanza, mpaka zipate rangi ya kahawia kila upande. Dakika 8 hivi kwa kila zamu. Zitoe. Kwenye mafuta yaleyale kaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka vilainike, tia nyanya nzito, ikaange dakika 3 au 4 mpaka ibadilike kutoka wekundu mkali hadi rangi ya matofali. Mimina mvinyo, kwangua sufuria kwa mwiko, uache ukaukie nusu. Tia nyanya na chumvi kijiko kidogo kimoja, rudisha nyama na juisi yake, rojo lifike karibu kuzifunika. Funika ukiacha upenyo wa kidole. Saa 2 hadi 2 na nusu. Mrehani unaingia dakika 10 za mwisho.

Sasa sikiliza sufuria. Watu wa Napoli wana neno lao kwa mchemko wanaoutaka, *pippiare*: povu moja linapasuka hapa, ukihesabu moja, mbili, lingine linapasuka kule. Sufuria ikichemka yote kwa pamoja, umeshapitiliza.

Nimejaribu siku ya Jumapili. Nimepika saa nzima kwa moto wa nguvu, na nyama bado ngumu kama soli ya kandambili. Nilinunua steki nzuri na nikaipaka papai bichi usiku kucha kama tunavyofanya mishkaki. Nimekosea wapi? — Mama wa watatu, Mbagala

Pole, mama. Umekosea mahali pawili, na pa tatu tunapakisia.

La kwanza ni moto. Nyama ya paja ina nyuzi ndefu na utando mgumu unaozishikilia. Utando huo unageuka ute laini ukikaa kwenye joto la nyuzi 80 na kuendelea kwa muda mrefu. Ni muda unaoufanyia kazi, moto mkali hauufupishi. Mchemko wa nguvu unazikunja nyuzi na kuzikamua maji kabla utando haujalainika. Ndiyo maana saa moja ya kuchemsha hukupa nyama kavu na ngumu kwa wakati mmoja. Kwa kweli saa ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote: ukionja hapo utakata tamaa. Onja saa mbili zikitimia. Chomeka uma katikati; ukiingia na kutoka bila kuinua nyama, imeiva.

La pili ni papai. Kwenye mishkaki linafaa kwa sababu nyama inakaa motoni dakika chache tu. Humu nyama ina unene wa milimita 4, na rojo linapopanda joto polepole dawa ya papai inazidi kupata nguvu, hasa ikipita nyuzi 60, kabla ya joto kuizima. Nje inakuwa uji, kamba inakata nyama, vilivyojazwa vinamwagika, na ndani bado pamekaza. Achana nalo kabisa kwa chakula hiki. Tangawizi mbichi nayo vivyo hivyo.

La tatu ni namna nyama ilivyokatwa. Mwuza nyama akiona unataka vipande vyembamba atafuata urefu wa pande kwa sababu vinatoka vipana na vya kupendeza. Mkatalie. Chukua pande zima, liweke kwenye friza dakika 45 hadi saa moja mpaka nje pakakamae, kisha kata mwenyewe kwa kisu kirefu chenye makali, ukikatisha nyuzi, unene wa milimita 5. Kagua uso wa kipande: ukiona vinukta vidogovidogo, umekatisha nyuzi, ukiona mistari kama ya ukili, umezifuata, na kipande hicho kitavutana mdomoni hata ukipike hadi kesho.

Kisha ponda. Weka kipande kati ya nailoni mbili safi, tumia mti wa kusukumia chapati au mchi, piga kutoka katikati kwenda nje mpaka kibaki milimita 3 hadi 4. Usitumie upande wa meno wa nyundo ya nyama, unatoboa matundu.

Na usijaribu kukwepa kazi yote hii kwa kununua sarara laini ya bei mbaya. Sarara haina utando wa kugeuka ute. Baada ya saa mbili inakuwa kama vumbi la mbao. Nyama ya bei ya kati ndiyo inayotakiwa hapa.

Hapa Nairobi maji yanachemka lakini vitu haviivi haraka. Je, niongeze muda? Na ninaweza kutumia presha kuka? — Msomaji, Umoja

Ndiyo, ongeza. Mji wenu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Panga saa 2 na dakika 45, na mwenye ng'ombe aliyekomaa wa malishoni asishangae zikifika saa 3. Kitu kizuri ni kwamba ni vigumu zaidi kuziharibu kwa mchemko.

Presha kuka inafaa, ila ina masharti. Kaanga kwanza kama kawaida. Baada ya kupiga mluzi punguza moto, hesabu dakika 35, zima, uiache ishuke yenyewe robo saa. Ukifungua mvuke ghafla rojo linalipuka kwa mchemko mkali ndani na nusu ya brachole zitafunguka. Ukishafungua utakuta rojo jepesi, maana mvuke haukupata pa kutokea. Toa nyama pembeni, chemsha rojo wazi dakika 20 mpaka likikokotwa na mwiko liache njia kwenye sakafu ya sufuria, halafu rudisha nyama. Ladha inakaribia, haifiki.

Assalamu alaikum. Nataka kupika Idi, lakini kila maelekezo nayoyaona yana mvinyo na nyama ya nguruwe ndani. Nikivitoa si itakuwa chakula kingine? — Bi Mkubwa, Mombasa

Wa alaikum salaam, Bi Mkubwa. Haitakuwa chakula kingine. Nguruwe anayewekwa ndani, kipande chembamba cha *prosciutto* (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) au cha mafuta, kazi yake ni kulainisha na kutia chumvi. Weka badala yake ukanda wa mafuta ya ng'ombe ulio mwembamba kama kalamu, urefu wa kidole, katikati ya kila brachole, na umeipata kazi hiyo. Samli tumeijaribu, harufu yake inaimeza jibini.

Mvinyo uuache kabisa, na usikubali maneno kwamba pombe yote hupotea motoni. Hata baada ya saa mbili na zaidi hubaki kiasi. Kazi yake ni ukali kidogo na kung'oa ile rangi iliyoganda chini ya sufuria. Tumia supu ya mifupa mililita 200, na mwishoni kamua nusu ndimu. Usiitie ndimu mwanzoni, uchungu utajitokeza.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi: jibini yenyewe. *Pecorino Romano* hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la mwanakondoo, na *Parmigiano Reggiano* kutoka tumbo la ndama. Kama hilo linakupa shaka, tafuta jibini ngumu iliyoandikwa kwamba imegandishwa kwa kimeng'enya cha mimea. Jibini laini ya kuyeyuka haifai, itatiririka nje na kuungua. Gouda iliyokomaa na kukauka inakubalika. Chedda hapana.

Mbegu za msonobari zikikosekana au bei ikikutisha, korosho mbichi zilizokatwa vipande vinne vinne zinashika nafasi vizuri, tena huko pwani mnazo. Karanga usitie, utakula karanga tu. Zabibu kavu usizitoe hata kama nyumbani wanaguna kuona utamu kwenye nyama. Watu walewale wanaoguna huzikuta kwenye pilau na hawasemi kitu.

Rojo langu lilitoka chachu, jepesi, na lina ladha kama ya msumari. Nilitia sukari vijiko vitatu halikusaidika. — Msomaji, Moshi

Ladha ya msumari inatokana na sufuria. Nyanya ni kali, na ikikaa saa mbili kwenye alumini tupu inakwangua madini yake. Utaona na sufuria imeng'aa kwa ndani pale rojo lilipogusa. Tumia chuma kisichoshika kutu, sufuria ya enameli, au chungu. Chungu hasa. Napoli yenyewe rojo la Jumapili lilikuwa likipikwa kwenye chungu cha udongo, kwa sababu kinapokea moto polepole na kuusambaza. Ila kukaanga fanyia kwenye kikaango cha chuma, halafu hamishia kwenye chungu kilichopashwa; mafuta ya moto kwenye chungu baridi yanakipasua.

Uchachu una sababu mbili za kawaida: nyanya zilizovunwa kijani zikaivia kwenye tenga, na nyanya ya kopo iliyotiwa bila kukaangwa. Chagua nyanya ndefu zenye nyama nyingi, aina kama Rio Grande au Cal J, na kama bado zina mabega ya kijani zikae siku mbili tatu mezani. Zile za duara zenye maji mengi ndizo zilizokupa wepesi. Sukari vijiko vitatu ni jamu. Kata karoti moja vipande viwili, ipike ndani tangu mwanzo, uitoe mwishoni. Ikibaki chachu, sukari nusu kijiko kidogo, onja, basi.

Zangu hufunguka sufuriani, vilivyo ndani vinaelea. — Msomaji, Muscat

Umejaza kupita kiasi. Kijiko kimoja kikubwa kwa kipande, si viwili. Chenga za mkate hunywa juisi ya nyama na kuvimba, na nyama nayo inasinyaa. Vikikutana, kitu kinaachia. Jaribio: mchanganyiko ukiukamata kwenye ngumi ushikane, lakini usitoe maji. Ukimwagika ni mkavu, ongeza mafuta kijiko. Ukinata kama ugali, ongeza chenga.

Kufunga, uzi mweupe wa pamba ndio bora: zungusha mara mbili, fundo moja, kata. Uzi wa kushonea wa rangi hutoa rangi, na ule wa polista unaweza kuyeyuka kwenye kikaango cha moto mkali. Vijiti vya meno vinafaa, viwili kwa kila moja, lakini uvichomeke kwa kufuata urefu wa mshono, kama pini kwenye pindo la kanga. Ukivichoma kukingama, brachole haitageuka kwenye kikaango, itabaki na upande mmoja mweupe.

Sababu nyingine: umezigeuza mapema. Nyama ikigusa chuma cha moto hushika, na ikishapata rangi hujiachia yenyewe. Ukilazimisha, mshono unabaki chini. Jibini iliyotoka na kuungua nyeusi itoe kabla hujatia vitunguu, vinginevyo rojo lote litakuwa chungu.

Ninaishi New Jersey. Jirani zangu wenye asili ya Italia hutia yai la kuchemsha ndani. Je, ndivyo inavyotakiwa? — Msomaji, Newark

Inaruhusiwa, haitakiwi. Kati ya 1880 na 1924 Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao kutoka kusini. Nyama ambayo kwao ilionekana kwa nadra ilikuwa rahisi kupatikana huko, na brachole zikakua. Kutoka vipande vya kiganja wengi walihamia pande moja la ubavuni la gramu 700 au zaidi, linaloviringishwa zima na kukatwa duara mezani. Kwenye pande kama hilo yai linapendeza, lina duara la njano katikati. Sisilia pia wana kubwa lao, *farsumagru*, lenye mayai. Ila kwenye ndogo za gramu 75 yai linavunjika unapoviringisha na linakuwa kijivu baada ya saa mbili. Ukilitaka, lichemshe dakika 8 tu na upike pande kubwa.

Natumia jiko la mkaa, na siku yenyewe nitakuwa kanisani asubuhi. Nifanyeje, na mezani zinaliwaje? — Msomaji, Bukoba

Pika tarehe 24. Zinakuwa bora zikilala. Mkaa una faida ukijua kuutuliza: kaanga moto ukiwa mwingi, kisha toa nusu ya makaa, yaliyobaki yafukie kwa majivu mpaka uone wekundu kwa mbali tu, funga kimlango cha jiko. Kila dakika 40 ongeza makaa mawili matatu yaliyokwisha kushika moto, kwa pembeni. Ukiongeza mkaa mbichi chini ya sufuria utakuwa na moshi kwanza na mchemko baadaye. Pitisha mwiko chini kila nusu saa, bila kuzikoroga nyama. Rojo la nyanya huungua chini kimyakimya.

Zikiiva, zihamishie kwenye bakuli pana zipoe haraka, na ndani ya saa mbili ziwe kwenye friji, zimezama kwenye rojo lake. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu. Ondoa nusu, nusu yaache, ladha iko humo. Ukirudi kanisani pasha kwa moto mdogo dakika 30, ukiongeza maji nusu kikombe, mpaka rojo lote litokote. Za kubaki zinakaa siku 3 kwenye friji.

Mezani wenyewe wanakula kwa mafungu mawili. Kwanza tambi peke yake, nene kama *ziti* zilizovunjwa kwa mkono, zimechanganywa na rojo na jibini kidogo. Nyama inafuata, kwenye sahani nyingine, na mboga ya majani yenye uchungu kidogo; mnavu uliochemshwa unafaa sana. Kuweka vyote sahani moja si kosa, ila nyama itapoa mtu akipambana na tambi.

Kabla hujapeleka, zitoe nyama kwenye rojo, zipumzike dakika 10, ndipo ukate nyuzi. Kama ulitumia vijiti, vihesabu kwenye kisosi: viliingia 32, vitoke 32.